Kuhama na Kuhamishwa

Mlali imo katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, upande wa mashariki wa Ugogo, ambako Wagogo na Wakaguru wamekaa jirani kwa vizazi vingi. Mvua za huko ni za msimu mmoja, nazo hazina ahadi: mwaka huu zanyesha, mwaka ujao zapita kando. Chakula ni uwele na mtama, na mahindi pale yanapokubali. Utajiri ni ng'ombe. Zamani nyumba ya nchi hiyo ilikuwa tembe, yenye paa bapa la udongo, na tembe moja ilisimama mbali na nyingine, kwa kuwa kila kaya ilitaka malisho yake, samadi yake na shamba lake karibu na mlango. Leo nyumba zimekaribiana, nazo zimepangwa kufuata njia. Kati ya sura hizo mbili pana neno moja ambalo wazee wa mkoa mzima hulitumia kupimia umri wa mtu, kama wazee wa visiwani wanavyolitumia neno Mapinduzi. Neno lenyewe ni operesheni. Huyu alizaliwa kabla ya operesheni, yule alizaliwa baada yake.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mjukuu mmoja wa huko, mwanafunzi, aliyepewa na mwalimu wake kazi ya kuandika historia ya kijiji. Anakaa chini mbele ya babu yake na kumwuliza, "Babu, ninyi mlihama au mlihamishwa?"

Babu anaweza kujibu kwa njia nyingi, zote za Kiswahili sahihi. Anaweza kusema, "Tulihama." Anaweza kusema, "Ilibidi tuhame." Anaweza kusema, "Tulilazimika kuhama." Akizidi kusogea anaweza kusema, "Tulilazimishwa," au "Tulihamishwa." Na mwisho kabisa, iwapo koo halitamkauka, anaweza kusema, "Tulihamishwa na fulani." Majibu hayo sita yanaeleza siku moja na safari moja, mizigo ile ile kichwani na mbuzi wale wale waliogoma kuvuka korongo. Lakini hayasemi jambo moja, na atakayedhani kwamba tofauti yake ni ya sarufi tupu hajapata kulazimishwa.

Yatazamwe kwa utaratibu. Katika "tulihama" mtendaji ni mzee mwenyewe na watu wake. Miguu ni yao na shauri ni lao. Katika "ilibidi" mtendaji hayupo kabisa. Ile i- iliyotangulia haina nomino inayoiwakilisha. Si mvua, si serikali, si njaa. Ni kiti kitupu kilichowekwa mbele ya kitenzi ili sentensi ipate pa kukaa. "Tulilazimika" kunakiri kuwa pana lazima, ila lazima hiyo imetoka hewani. Ni "tulilazimishwa" tu ndiko kunakofungua mlango, maana msikilizaji hupata haki ya kuuliza: na nani? Silabi ile moja, na, ndiyo inayotafutwa na hakimu, na ndiyo ambayo watu wengi hufa bila kuitamka.

Operesheni yenyewe ina tarehe. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini, akasisitiza kwamba watu waingie katika vijiji hivyo kwa kuelewa na kukubali, si kwa kusukumwa. Mwaka 1968 alirudia kwa maneno mazito zaidi kwamba binadamu hawezi kuendelezwa na mwenzake kama mtu ajengaye nyumba, hujiendeleza mwenyewe. Mwaka 1969 ukame uliipiga Dodoma, na kuanzia 1970 hadi 1971 ikafanywa Operesheni Dodoma, ya kuwakusanya Wagogo katika vijiji. Mwalimu mwenyewe alikwenda Chamwino akashiriki kufyatua matofali, jambo ambalo watu wa mkoa huo hawajalisahau, wala hawana sababu ya kulisahau. Kisha, mwezi Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini si shauri tena. Ni amri, na muda ukawekwa wa kuikamilisha kabla ya 1976 kwisha. Inakadiriwa kuwa watu wasiopungua milioni 5 walihama, au walihamishwa, katika nchi nzima.

Miaka sita tu ilitenganisha maneno ya 1967 na amri ya 1973. Si kazi ya makala haya kumhukumu Mwalimu, aliyekuwa na nchi maskini mkononi na haraka moyoni. Vitabu vya kumsifu na vya kumlaumu vimejaa. La kuangaliwa hapa ni aina ya nguvu iliyotumika, kwa sababu Ugogo iliwahi kuijua aina nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita katika nchi hiyo yakichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi; ukame ulipofuata, ikaingia njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na maelfu kwa maelfu wakafa. Askari aliyefungua zizi mwaka 1917 hakumwambia mwenye zizi kwamba anamfanyia hisani. Alichukua, akaenda zake. Nguvu ya namna hiyo ni rahisi kuitaja jina. Nguvu ya operesheni ilikuja na kisima, na shule, na mwuguzi. Ilikuja na chakula cha msaada ambacho mgao wake ulifanyika kijijini, si porini. Ilimwambia mtu kwamba ni kwa faida yake, na kwa sehemu ilisema kweli. Ni vigumu sana kuutaja kwa jina lake mkono unaokusukuma huku umekushikia kibaba cha unga.

Watu wa Mlali, kama wa mahali pengine, hawakuwa na moyo mmoja siku hiyo. Wako waliotangulia kwenda ili wachague kiwanja kizuri. Wako waliokwenda kwa ajili ya shule ya watoto. Wako walioona jirani amebomolewa wakabomoa wenyewe, ili angalau boriti zisivunjike. Huyu wa mwisho ndiye mwenye mtihani. Hakuna aliyemgusa. Mikono iliyoshusha boriti ilikuwa yake. Je, alihama au alihamishwa?

Sheria ya nchi ikiulizwa, hujibu kwa ubahili. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, humwondolea mtu lawama ya jinai iwapo alitenda kosa pamoja na wenzake kwa sababu tu walimtishia, kwa muda wote wa kutendeka kwake, kwamba watamwua au kumjeruhi vibaya papo hapo endapo atakataa; na kifungu hicho hicho hakiachi shaka kuwa tishio la madhara ya baadaye si udhuru. Neno zito hapo ni papo hapo. Kisu kilicho shingoni ni shuruti. Kisu kilichoahidiwa kwa Ijumaa si shuruti, maana sheria humtarajia mtu akimbilie polisi kabla ya Ijumaa. Kifungu cha 20 kilimfikiria mke aliyeshurutishwa na mumewe, alimradi kosa lisiwe uhaini wala mauaji. Mume alikumbukwa, mkubwa mwingine yeyote wa maisha ya kila siku hakukumbukwa.

Mtu atasema kuhama si kosa la jinai, basi tuyaache hayo. Na iende kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Huko ridhaa huambiwa si huru ikiwa imepatikana kwa shurutisho, na shurutisho lenyewe, katika kifungu cha 15, ni kutenda au kutishia kutenda jambo lililokatazwa na Kanuni ya Adhabu, au kuishikilia mali ya mtu kinyume cha sheria, kwa nia ya kumwingiza katika makubaliano. Maneno hayo yasomwe mara mbili. Ili tishio liwe shurutisho, ni lazima jambo linalotishiwa liwe limekatazwa. Jambazi akisema "saini, la sivyo nitachoma nyumba," sheria inamwona. Lakini je, tishio likitoka katika kinywa cha sheria yenyewe, likiwa na muhuri na tarehe? Hapo jicho la sheria halimwoni anayetisha, kwa sababu ni vigumu jicho kujiona. Mzee wa Mlali alikabiliwa na nguvu ambayo, kwa tafsiri ya vitabu, haikuwa nguvu.

Ubahili huo una hoja yake, na si haki kuupita bila kuusikiliza. Kama kila msukumo ungekuwa shuruti, mapatano gani yangesimama? Mvuvi huuza samaki jioni kwa bei ya hasara kwa sababu samaki hawangoji asubuhi. Mama huuza mkufu kwa ajili ya dawa. Kijana hukubali mshahara mdogo kwa sababu jikoni hamna moshi. Wote hao wamebanwa. Tukiuvunja kila mkataba uliofungwa na aliyebanwa, soko litafungwa, na wa kwanza kulala njaa atakuwa yule yule aliyebanwa. Sheria imelijaribu hilo kwa kifungu cha 16, kinachomwangalia mtu aliye chini ya mamlaka ya mwenziwe na kuonewa kwa sababu hiyo. Lakini hata hapo ni lazima mwonevu atajwe. Njaa haiitwi shaurini.

Ajabu kubwa zaidi imo katika Sheria ya Ushahidi ya 1967. Kifungu chake cha 29 husema kwamba ungamo halitakataliwa kwa sababu tu mtu alitishwa au aliahidiwa kitu, isipokuwa mahakama ione kuwa tishio au ahadi hiyo ilikuwa ya namna inayoelekea kumfanya mtu akiri uongo. Maana yake ni kuwa sheria haiulizi kama ulimi ulikuwa huru, bali kama ulisema kweli. Kwa lugha ya mtaani hayo hayapatani: aliyetishwa ametishwa, aseme kweli asiseme. Mtaa una haki yake hapa. Kweli iliyofinywa kutoka kwa mtu ni kweli, lakini si yake.

Wanazuoni wa fiqhi, ambao msomaji wa pwani anawafahamu zaidi kuliko waandishi wa Kanuni ya Adhabu, walilikabili suala hili karne nyingi kabla, na neno lao ni ikrahi. Kisa cha Ammar bin Yasir kinajulikana: aliteswa mpaka ulimi wake ukatamka yale yaliyotakiwa na watesi wake, naye akaja akilia, na aya ya 106 ya Suratun Nahl ikamwondolea dhambi aliyekirihishwa huku moyo wake ukiwa umetua juu ya imani. Hapo kipimo hakikuwa kisu, kilikuwa moyo. Wanazuoni walipokuja kuweka masharti, hata hivyo, walisogea karibu na hakimu wa leo: anayetisha awe na uwezo wa kutimiza tishio lake, anayetishwa awe na yakini kuwa litatimizwa, na pasiwe na njia ya kukimbia.

Lakini walikwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo inayomfaa mzee wa Mlali. Waliulizana: mtu aliyeshikiwa upanga akamtaliki mkewe, je, talaka yapita? Mashafi, ambao madhehebu yao ndiyo ya pwani yetu, walisema haipiti. Mahanafi walisema yapita, na hoja yao inafaa kupimwa hata na asiyekubaliana nayo. Walitenga mambo mawili ambayo Kiswahili cha kila siku huyafunga kitita kimoja: ikhtiari na ridhaa. Aliyetishwa, walisema, anayo ikhtiari, maana ameona maovu mawili akachagua lililo jepesi. Alichokosa ni ridhaa, yaani moyo wake kutulia juu ya alichochagua. Kwao talaka ilitosheka na ikhtiari. Mauziano hayakutosheka, yalitaka na ridhaa.

Kiswahili kimeyarithi maneno yote mawili. Hiari ni mtoto wa shina lile lile la ikhtiari, na kwa shina hilo ni ndugu wa heri, kwani kuchagua ni kutafuta lililo la heri. Ridhaa ni mtoto wa radhi. Lakini katika matumizi tumeyachanganya, mpaka afisa anapoandika kwamba watu wamehama "kwa hiari yao" anadhaniwa kuwa ameandika walikuwa radhi. Pengine hakusema uongo. Mtu aliyeshusha boriti zake mwenyewe ili zisivunjwe alichagua. Hiari ilikuwapo, ndogo kama tundu la sindano. Radhi haikuwapo. Methali husema hiari yashinda utumwa, nayo inasema kweli pale hiari inapokuwa na milango miwili. Inapokuwa na mlango mmoja na dirisha, aliyerukia dirishani asiambiwe alipenda dirisha.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa haya ni mambo ya bara tu. Nikaha husimama juu ya kukubali, na mafundisho ya dini yameruhusu kimya cha mwanamwali kiwe jibu, kwa kuihurumia haya yake. Wanazuoni wakaongeza kuwa kimya chenye kilio kiangaliwe vingine. Mwaka 1970 Unguja iliona wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi wakiozwa kwa nguvu watu wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao waliopinga wakatiwa mbaroni. Maneno ya nikaha yalisomwa. Mashahidi walikuwapo. Kila kilichohitajika kwa macho kilitimia. Mwaka uliofuata, 1971, Bara ilipitisha Sheria ya Ndoa ambayo kifungu chake cha 16 chataka ridhaa ya kila mmoja itolewe kwa uhuru na kwa kupenda. Maneno mawili kwa jambo moja, uhuru na kupenda, kana kwamba mtunga sheria naye alihisi kuwa neno moja halifiki chini.

Na katika mambo madogo, nani asiyejua mchango wa hiari? Karatasi yaja na kiwango, tarehe ya mwisho na orodha ya waliotoa. Asiyetoa mtoto wake hurudishwa nyumbani. Jambo hilo lilizidi hata mwezi Januari 2018 Rais Magufuli akalipiga marufuku katika shule za serikali. Hapo ndipo ilipoonekana jinsi tulivyokuwa tumeizoea lugha hiyo: mpaka hiari ikahitaji amri ili irudi kuwa hiari. Na kuna kazi ya kujitolea yenye faini kwa asiyejitolea, na kikao ambacho wote waliafiki kwa kuwa aliyetaka kupinga alikumbuka kuwa ana barua ya kiwanja inayongoja sahihi. Lipo pia lile neno lililopendwa sana katika taarifa za maendeleo, kuhamasishwa. Halitokani na kuhama, bali na hamasa; lakini sikio la mtu wa Dodoma, ambaye wazazi wake walihamishwa, linaweza kusamehewa likiyasikia maneno hayo mawili kuwa jirani.

Mahakama iliwahi kuisikia silabi ile iliyotajwa mwanzo, na, ikitamkwa kwa sauti. Katika mkoa wa Arusha baba na mwanawe walifungua kesi kudai shamba waliloondolewa wakati wa Operesheni Vijiji, nao mwaka 1987 wakashinda. Wengi wengine walikuwa wakidai vivyo hivyo. Serikali ikatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila juu ya ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, na kuzuia watu wasizipeleke mahakamani. Baba na mwana wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ambayo mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki, na kwamba mlango wa mahakama hauwezi kufungwa namna ile. Jaji Mkuu aliikataa hoja iliyoelekea kuwafanya wananchi waonekane wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Hukumu hiyo ni ya kujivunia, lakini haimalizi shauri la mjukuu wa Mlali. Waliopewa mashamba ya wengine wakati wa operesheni nao walihamishwa kutoka kwao. Ukimrudisha mmoja unamhamisha mwingine. Na mzee mwenyewe amekaa kijijini miaka hamsini, amezika hapo, ameozesha hapo, mjukuu anayemwuliza amesoma katika shule ile ile iliyokuwa sababu. Wapo watakaosema kwamba kwa kukaa kwake amekubali. Hoja hiyo haifai kupokewa upesi. Kuyazoea maisha ni sifa ya mwenye kuishi, haiwi radhi ya kurudishwa nyuma mpaka siku ile ya boriti. Na shukrani kwa ajili ya kisima si stakabadhi ya tembe.

Basi kwa nini, pamoja na haki yote hiyo ya kusema "tulihamishwa," yawezekana sana babu akajibu "tulihama"? Huenda si hofu. Hofu ya enzi hizo imekwisha pungua. Ni kwamba aliyehamishwa ni mtendwa, kitu kilichobebwa kama gunia, na hakuna mzee apendaye kuonekana gunia mbele ya mjukuu wake. Anapochagua "tulihama" anajirudishia miguu yake. Hakimu angetaka jibu lile jingine, na kwa hesabu ya fidia hakimu yuko sawa. Babu naye ana hesabu yake. Kitenzi kimoja kinadaiwa na watu wawili, na kila mmoja ana hati.

Mwanafunzi ataandika atakaloandika. Lakini akimwomba babu amwonyeshe mahali palipokuwa tembe, huenda wakatembea pamoja saa moja au mbili hadi penye mbuyu, au palipo vichuguu viwili vya udongo vilivyokuwa kuta. Mahali pa namna hiyo Kiswahili kinapaita hame, na mengi ni mahame, neno lile lile wanalolijua watu wa pwani kwa miji yao iliyoachwa msituni. Zizi la ng'ombe lilikuwa hapo miaka mingi, na ardhi ingali na rutuba ya samadi. Watu wa kijijini hufuata huko kulima, hata kama ni mbali. Mwaka wa mvua njema, mahindi ya mahameni huwa marefu kuliko ya pengine.